SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KIUNGIO CHA TELA KINACHOLIFAA GARI LA NYUMBANI

Shabaha ya Somo

Somo hili limekusudiwa kwa Kamati za Mikopo, kwa makatibu na mameneja wa vyama, na kwa kila mwanachama mwenye gari dogo la nyumbani anayefikiria kununua tela. Baada ya kulisoma na kulijadili, kikundi cha masomo kitaweza kufanya mambo manne:

(a) kupima ukubwa wa kiungio na kujua kama kinalingana na tela;
(b) kukokotoa uzito ambao gari linaweza kuuvuta bila hatari;
(c) kupima kwa mizani ya chama uzito unaoikalia nyuma ya gari;
(d) kuikagua tela kabla ya kuidhinisha mkopo au kuikodisha kwa mwanachama.

Somo linafaa kusomwa kwa mikutano miwili. Katika mkutano wa pili wanachama wakutane mahali penye gari, tela na mizani, kwa maana jambo hili halifahamiki kwa maneno matupu.

Sababu ya Kulileta Somo Hili

Katika vijiji vilivyouzunguka Mlima Meru, mazao hushuka na mahitaji hupanda. Kahawa, ndizi na maziwa hutoka Nkoaranga, Poli na Akheri kuelekea barabara kuu ya Arusha na Moshi. Nyanya hutoka Ngarenanyuki. Mahindi na maharage hutoka upande wa Ngaramtoni na Oldonyo Sambu. Wakati wa kurudi hupandishwa mbolea, saruji, pumba na mapipa ya maji. Zamani kazi hii ilikuwa ya punda, ya mikokoteni na ya lori la kukodi. Siku hizi wanachama wengi wanayo magari madogo ya nyumbani, aghalabu yaliyotumika Japani, nao wameona kwamba tela ndogo nyuma ya gari huwapunguzia gharama ya kukodi.

Fikra hiyo ni njema. Lakini magari mengi ya namna hiyo hayaji na kiungio cha tela. Mwenye gari hukitafuta mwenyewe, hukifunga kwa fundi aliye karibu, kisha hununua au huunda tela kwa ekseli ya gari kuukuu. Hivyo gari, kiungio na tela hutoka sehemu tatu mbalimbali, na hakuna mtu mmoja aliyevipima vyote pamoja. Wahenga walisema kwamba kamba hukatikia pabovu. Kiungio ndicho mara nyingi pabovu penyewe, nacho ni kitu kidogo kisichotazamwa na mtu mpaka siku kitakapoachia.

Mfano wa Kuanzia

Na uchukuliwe mfano wa mkulima anayeishi juu ya mlima. Amenunua tela nzuri, yenye magurudumu mapya na rangi safi. Kiungio cha gari lake alikipata kwa bei nafuu kutoka gari jingine. Asubuhi ya siku ya soko amepakia magunia manne ya mahindi, amekifunga kikombe cha tela juu ya kirungu cha gari, amesikia mlio wa kufunga, naye ameridhika. Ameshuka njia ya vumbi polepole bila tatizo lolote. Alipofika kwenye lami akaongeza mwendo. Kwenye tuta la barabarani, karibu na wauza ndizi, nyuma ya gari ikainuka na kushuka, na tela ikabaki nyuma peke yake.

Tela ile haina breki wala usukani. Ina uzito wa zaidi ya nusu tani, na mbele yake wapo akina mama waliokaa kando ya barabara na mikungu yao. Kama minyororo ya usalama ilikuwapo, tela itaburutwa na kusimama pamoja na gari. Kama haikuwapo, hakuna awezaye kusema itasimama wapi.

Mkulima huyu hakuwa mlevi wala hakuendesha kwa fujo. Kosa lake lilikuwa dogo kiasi cha kutoonekana kwa macho: kirungu cha gari kilikuwa na kipenyo cha milimita 47.6, na kikombe cha tela kilitengenezwa kwa kirungu cha milimita 50. Tofauti ni chini ya milimita mbili na nusu. Somo hili ni juu ya tofauti hiyo na nyingine zinazofanana nayo.

1. Sehemu za Kiungio na Majina Yake

Mafundi huziita sehemu hizi kwa majina mbalimbali. Ili kikundi kielewane, somo hili litatumia majina yafuatayo:

Chuma cha kuvutia: ni muundo wa chuma unaofungwa kwa bolti chini ya gari, nyuma.

Kirungu: ni tufe la chuma lililosimama mwishoni mwa chuma cha kuvutia.

Kikombe: ni sehemu ya mbele ya tela inayokifunika kirungu na kukibana kwa kufuli yake.

Ulimi: ni chuma kirefu kinachotoka kwenye bodi ya tela mpaka kwenye kikombe.

Ipo pia namna nyingine ya kuunganisha, nayo ni pete na pini, ambayo hutumika kwa matrekta na kwa baadhi ya magari ya kazi. Pete ya tela hutiwa katikati ya taya mbili za chuma, kisha pini hupitishwa. Namna hii hufaa kwa mwendo wa polepole shambani, kwa sababu pete hucheza ndani ya taya na kugonga mbele na nyuma. Tela ya trekta isifungwe kwenye gari la nyumbani kwa kuchomelea pete au kwa kupitisha kipande cha nondo badala ya pini. Nondo ilifuliwa kwa kazi ya zege, na haikupimwa kwa kazi ya kuvuta.

2. Ukubwa wa Kirungu

Duniani vipo vipimo vichache vya kirungu vinavyotumika zaidi. Mwanachama hana budi kuvifahamu vinne:

Milimita 50: ni kipimo cha Ulaya na nchi nyingine nyingi. Ndicho kinachofaa kufanywa cha kawaida katika vyama.

Inchi 2, yaani milimita 50.8: ni kipimo cha Marekani.

Inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6: ni kipimo cha tela ndogo za Marekani, na huonekana pia Australia.

Inchi 2 na 5/16, yaani milimita 58.7: ni cha tela nzito, wala hakihusiki na gari la nyumbani.

Kwa kawaida kipimo hupigwa muhuri juu ya kirungu na juu ya kikombe. Ikiwa muhuri umefutika kwa kutu, fundi apime kipenyo kwa kalipa. Pasipo kalipa, utepe wa fundi cherehani unaweza kusaidia: uzungushwe kwenye tumbo la kirungu, mahali panene kupita pote. Kirungu cha milimita 50 kitaonyesha mzunguko wa karibu milimita 157. Cha milimita 47.6 kitaonyesha karibu 150. Cha inchi 2 karibu 160. Na kile kikubwa karibu 184. Utepe utatosha kutenga 150 na 157. Kutenga 157 na 160 ni kazi ya kalipa.

Sasa ifahamike kanuni iliyo kubwa kuliko zote katika sehemu hii. Kirungu kikubwa mno hukataa: kikombe hakishuki, au kufuli haifungi, na mwenye gari hulazimika kutafuta kingine. Kirungu kidogo mno hukubali: kikombe hushuka, kufuli hulia, na kila kitu huonekana sawa. Huachia baadaye, kwenye tuta au shimo, wakati tela inaporuka juu. Kwa hiyo mlio wa kufuli si ushahidi wa kutosha.

Ushahidi upatikane kwa jaribio hili rahisi. Baada ya kufunga kikombe, ulimi wa tela uinuliwe kwa jeki mpaka nyuma ya gari ianze kuinuka pamoja nao. Kama gari linainuka, kikombe kimeshika. Kama kikombe kinachomoka na gari limebaki chini, shukuru kwamba kimechomoka nyumbani.

Kirungu pia huchakaa. Kile cha milimita 50 kikipungua mpaka chini ya milimita 49 mahali popote, hakifai tena, hata kama kinang'aa. Kikombe nacho huchakaa ndani. Kirungu kipakwe grisi na kufunikwa kwa kifuniko wakati hakitumiki, maana vumbi la barabara zetu likichanganyika na grisi kuukuu husaga chuma kama msasa. Vikombe vingine vyenye vibano vya kuzuia kuyumba havitakiwi grisi kabisa. Vile vitazamwe maelezo yake.

Shina la kirungu chenye nati nalo lijae tundu lake. Shina jembamba katika tundu pana lisijazwe kwa vipande vya bati. Litacheza, nati italegea, na kirungu kitadondoka pamoja na nati yake.

3. Ukubwa wa Chuma cha Kuvutia

Kirungu kikilingana na kikombe, kazi bado haijaisha. Virungu viwili vya milimita 50 vinaweza kufungwa kwenye vyuma viwili vyenye nguvu tofauti kabisa. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba kikubwa ndicho bora.

Vyuma vya Marekani hugawanywa kwa madaraja. Daraja la kwanza huvuta mpaka ratili 2,000, ambazo ni karibu kilo 907. Daraja la pili huvuta mpaka ratili 3,500, karibu kilo 1,588. Madaraja yafuatayo ni ya magari makubwa zaidi. Vingi katika vyuma hivyo vina tundu la mraba ambamo mkono wa kirungu huingizwa: tundu la inchi 1 na robo kwa magari madogo, na la inchi 2 kwa magari makubwa.

Vyuma vya Ulaya huwa na kibao chenye herufi mbili. Herufi D ni nguvu ya kuvuta, kwa kipimo cha kilonyutoni. Herufi S ni uzito, kwa kilo, unaoruhusiwa kukikalia kirungu kwa kusukuma chini. Chuma kisicho na kibao wala muhuri wowote ni chuma ambacho nguvu yake haijulikani, na Kamati iwe na sababu nzito kabla ya kukikubali.

Thamani ya D inayohitajika hupatikana kwa hesabu ambayo katibu yeyote anaiweza. Chukua uzito wa juu wa gari pamoja na watu na mizigo yake, kwa tani. Chukua uzito wa juu wa tela pamoja na mzigo, kwa tani. Zidisha uzito huo miwili. Gawanya kwa jumla yake. Kisha zidisha kwa 9.81.

Mfano: gari tani 1.8, tela tani 0.6.
1.8 × 0.6 = 1.08
1.8 + 0.6 = 2.4
1.08 ÷ 2.4 = 0.45
0.45 × 9.81 = 4.41

Basi chuma chenye D ya 4.41 au zaidi kinatosha kwa gari na tela hiyo. Chenye D ya 6 kinafaa pia. Lakini ieleweke vema: kuweka chuma chenye D kubwa hakuliongezei gari nguvu. Injini ni ile ile, breki ni zile zile, na springi ni zile zile. Mpini mnene haumfanyi mlimaji dhaifu kuwa hodari. Humwongezea mzigo mkononi.

Chuma kifungwe kwenye sehemu za gari zilizoandaliwa na mtengenezaji, yaani kwenye fremu au mahali palipoimarishwa, kwa bolti zenye alama 8.8 au zaidi kichwani. Kisifungwe kwenye bampa. Kirungu kisichomelewe, kwani moto wa kuchomelea hubadili ugumu wa chuma, na ufa unaoanzia hapo hauonekani kwa nje. Baada ya safari chache za kwanza bolti zikazwe tena.

4. Uzito Ambao Gari Linaweza Kuuvuta

Ukomo wa uzito hutazamwa mahali pengi, na unaofuatwa ni ule ulio mdogo kuliko yote. Mahali hapo ni: kitabu cha mtengenezaji wa gari, kibao cha chuma cha kuvutia, muhuri wa kikombe, na uwezo wa ekseli na magurudumu ya tela yenyewe.

Kwa tela isiyo na breki, na tela nyingi ndogo hazina, Uingereza hufuata kanuni inayofaa kuigwa: uzito wa tela na mzigo wake usizidi nusu ya uzito wa gari tupu, wala usizidi kilo 750, na katika hivyo viwili ushikwe ulio mdogo. Sababu yake ni kwamba breki za gari hulazimika kusimamisha vyote viwili.

Mfano: Gari la mwanachama lina uzito wa kilo 1,300 likiwa tupu. Nusu yake ni kilo 650. Kitabu cha gari kinasema tela isiyo na breki isizidi kilo 600. Ukomo ni kilo 600. Tela tupu imepimwa na kupatikana kilo 180. Kilichobaki kwa mzigo ni kilo 420.

Je, ni magunia mangapi? Kwa gunia la kilo 100, ni magunia manne, na jumla ya tela ni kilo 580. Gunia la tano lingeifikisha tela kwenye kilo 680, yaani kilo 80 kupita ukomo.

Lakini hapa wanachama wawe waangalifu sana. Hesabu hiyo ni ya gunia halali. Kama magunia ni ya lumbesa, yaliyoshonewa kilemba juu, gunia moja laweza kufika kilo 120. Magunia manne ya namna hiyo ni kilo 480, na tela ni kilo 660. Mkulima amehesabu manne, naye amevuka ukomo bila kujua. Lumbesa inajulikana kwa kumpunja mkulima sokoni. Ifahamike kwamba humdanganya njiani pia. Dawa ya kwanza ni kupima kwa mizani wala si kuhesabu magunia.

Uzito wa mizigo mingine ukumbukwe hivi: mfuko wa saruji ni kilo 50. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo pipa la lita 200 ni kilo 200 bila pipa lenyewe. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, karibu kilo 1.03 kwa lita. Mchanga ndio unaoangamiza tela nyingi: meta moja ya ujazo hufika karibu kilo 1,600. Tela iliyojaa mpaka ukingoni kwa pumba ni nyepesi. Tela hiyo hiyo ikijaa mchanga ni hatari.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni mwinuko. Mji wa Arusha uko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi viko juu zaidi. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo ukomo wa kitabu usichukuliwe kuwa shabaha ya kufikiwa kila safari. Kwa gari la mfano wetu, magunia manne ndiyo mwisho kwenye lami. Matatu ndiyo busara kwenye njia ya kupanda mlima, hasa wakati wa masika ambapo udongo mweusi wa Meru huwa kama sabuni.

5. Uzito wa Ulimi

Tela ikipakiwa, sehemu ndogo ya uzito wake hukikalia kirungu. Uzito huo ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari huzama, taa za mbele hutazama mbinguni, na magurudumu ya mbele hupungukiwa nguvu ya kushika barabara. Ukiwa mdogo mno ni hatari zaidi: tela huanza kuyumba kulia na kushoto kama mkia, na kadiri mwendo unavyoongezeka, hasa kwenye mteremko, ndivyo kuyumba kunavyozidi mpaka gari lenyewe lipotezwe mwelekeo.

Kwa gari dogo na tela ndogo, desturi ya Uingereza ni kuweka kati ya asilimia 5 na asilimia 7 ya uzito wote wa tela. Kwa tela ya kilo 580, asilimia 5 ni kilo 29, na asilimia 7 ni karibu kilo 41. Ikiwa S ya chuma na kitabu cha gari vinaruhusu kilo 50, hesabu imekubali. Wamarekani hutumia asilimia 10 mpaka 15, lakini vyuma na magari yao yametengenezwa kwa desturi hiyo. Mwenye gari dogo asiichukue bila kutazama ukomo wa gari lake.

Chama cha msingi kinacho tayari chombo cha kupimia. Kama ghala lina mizani ya jukwaa, tela iliyopakiwa isimamishwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, kisha kigogo kilichokatwa kwa urefu wa kirungu cha gari kisimamishwe juu ya jukwaa na kikombe kikalie juu yake. Uzito wa kigogo uondolewe katika hesabu. Mwenye kusoma mizani akae kando, wala mtu yeyote asiweke mguu chini ya ulimi.

Uzito ukipungua, mzigo usogezwe mbele. Ukizidi, urudishwe nyuma. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Vyepesi, kama matenga matupu, vikae mwisho. Mapipa ya maji yawe yamejaa au yawe matupu, kwani pipa la nusu huhamisha maji yake mbele na nyuma kila breki inapokanyagwa, na uzito wa ulimi hubadilika njiani.

Kimo cha kirungu nacho huhusika. Kwa magari madogo ya Ulaya, katikati ya kirungu huwekwa kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini gari likiwa limepakiwa. Tela iliyofungwa isimame sawa. Ikiinua pua, uzito huenda nyuma. Ikiinamisha pua, ulimi hugonga ardhi kwenye makorongo.

6. Minyororo na Taa

Kiungio kizuri hakiondoi haja ya minyororo. Minyororo miwili ifungwe kutoka kwenye ulimi wa tela mpaka kwenye chuma cha kuvutia chenyewe, wala si kwenye kirungu, na ipishane chini ya ulimi. Ikipishana, hutengeneza kitanda cha kuupokea ulimi usichome ardhi endapo kikombe kitaachia. Iwe mirefu ya kutosha kupinda kona, lakini isiburute. Kamba ya katani au waya wa kufungia nyasi hauwezi kuwa badala yake.

Taa za nyuma, za breki na za kuonyesha upande wa kugeuka ziunganishwe na gari na zijaribiwe kila safari. Dereva wa basi ajaye nyuma haoni taa za gari lililofichwa na tela. Anachokiona ni tela peke yake.

7. Kazi ya Chama

Inawezekana kuuliza: Haya yote yanahusu nini ushirika? Yanahusu kwa njia tatu.

Kwanza, fedha za mkopo ni za wanachama wote. Kamati inapopokea ombi la mkopo wa tela, isiishie kuuliza bei na mdhamini. Iombe karatasi moja yenye mambo sita: uzito wa gari tupu, ukomo wa kuvuta kwa mujibu wa kitabu, D na S, au daraja, la chuma cha kuvutia, kipimo cha kirungu, kipimo cha kikombe, na uzito wa tela tupu. Mwombaji asiyeyajua mambo hayo asikataliwe, bali asaidiwe kuyapima. Tela ikianguka korongoni mwezi wa pili, mdaiwa atabaki na deni asilo na chombo cha kulilipia, na wadhamini wake watalia pamoja naye.

Pili, chama kinaweza kununua tela moja na kuikodisha, badala ya wanachama kumi kununua tela kumi zinazolala siku tano kwa juma. Jambo hilo lipitishwe na Mkutano Mkuu na liwe ndani ya ukomo wa madeni uliowekwa. Lakini tela ya wengi itafungwa kwenye magari mengi. Kwa hiyo Mkutano uamue kipimo kimoja, na milimita 50 ndicho kinachofaa, na mtunza ghala apewe kalipa na daftari. Mwanachama ambaye kirungu chake si cha kipimo hicho asipewe tela mpaka akibadilishe, hata akiwa Mwenyekiti. Bei ya kirungu ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya tela, na haina mlinganisho na uhai wa mtu.

Tatu, vyama vikiagiza pamoja hupata chuma kilicho bora. Mwanachama mmoja akienda peke yake hununua kilichopo. Vyama kadhaa vikikubaliana vipimo vinaweza kumpa fundi kazi ya tela zinazofanana. Arusha inacho Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981, na lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973. Ni vema vyama kutafuta ushauri wa namna hiyo kabla ya kuagiza, si baada ya kuvunjikiwa.

Muhtasari

Kirungu na kikombe viwe na kipimo kimoja kamili.
Chuma cha kuvutia kiwe na kibao, nacho kitoshe kwa hesabu ya D.
Ukomo wa uzito ni ule ulio mdogo kuliko yote.
Mzigo hupimwa kwa kilo, wala si kwa idadi ya magunia.
Ulimi uwe na uzito wa kiasi.
Minyororo miwili ipishane chini ya ulimi kila safari.

Maswali ya Majadiliano

1. Kwa nini kirungu kidogo mno ni hatari kuliko kirungu kikubwa mno? Kikundi kijaribu kueleza bila kutazama somo.

2. Mwanachama anasema: "Nimefunga chuma cha daraja la pili, sasa gari langu dogo linaweza kuvuta kilo 1,500." Amekosea wapi?

3. Gari lina uzito wa kilo 1,100 likiwa tupu. Kitabu chake kinaruhusu tela isiyo na breki ya kilo 500. Tela tupu ina kilo 150. Ni magunia mangapi halali ya kilo 100 yanayoweza kupakiwa? Na kama kila gunia ni lumbesa ya kilo 120, ni mangapi?

4. Je, chama chetu kingefaidika zaidi kwa kuwakopesha wanachama fedha za tela, au kwa kumiliki tela ya kukodisha? Kila upande utoe hesabu zake.

Jibu la swali la 3: Nusu ya uzito wa gari ni kilo 550, lakini kitabu kinasema 500, hivyo ukomo ni 500. Ukiondoa tela, mzigo ni kilo 350. Magunia halali ni matatu. Magunia ya lumbesa ni mawili tu, kwa sababu matatu ni kilo 360, zilizopita ukomo kwa kilo 10.

Kazi ya Mkutano wa Pili

Wanachama wenye magari na tela waje navyo ghalani. Kila kirungu na kila kikombe kipimwe, na vipimo viandikwe katika daftari la chama pamoja na namba ya gari. Viungio visivyolingana vitenganishwe siku hiyo hiyo, na mwenye navyo asiondoke na tela mpaka vilingane. Katibu apeleke nakala ya orodha kwenye Chama Kikuu, ili virungu vinavyohitajika viagizwe kwa pamoja kabla ya msimu wa mavuno.